Kabla Hujakata Hii, Ione Ile: Mishipa Iliyozaliwa Tofauti na Upasuaji wa Saratani ya Mapafu

Nenda buchani uombe mapupu ya mbuzi yakiwa bado yameshikamana na bomba lake la hewa. Lishike bomba hilo kwa juu, ulifuate kwa kidole kushuka chini. Kabla hujafika pale linapogawanyika kwenda kulia na kushoto, kidole kitakutana na tawi dogo lililochomoza peke yake upande wa kulia na kuzama kwenye sehemu ya juu ya pafu. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na nguruwe ndivyo walivyoumbwa. Kwa binadamu tawi hilo kwa kawaida halipo. Lakini katika kila watu elfu wapo wachache waliozaliwa nalo, wakakua, wakaoa au wakaolewa, wakazeeka, wasijue kamwe kwamba bomba lao la hewa limekaa kama la mbuzi.

Wangejuaje? Wanapumua vizuri, wanapanda ngazi, wanacheza mpira. Hadi siku kikohozi kisichoisha kinapowapeleka kupiga picha ya kifua, uvimbe ukaonekana, kipande cha nyama kikachukuliwa, na jibu likarudi kuwa ni saratani. Sasa kifua kinafunguliwa, na daktari wa upasuaji anakutana na mpangilio asioutarajia.

Hapa nitazungumzia zaidi mishipa ya damu kuliko mirija ya hewa, kwa sababu mrija wa hewa ukikatwa kimakosa bado kuna muda wa kufikiri. Mshipa mkubwa wa damu ukikatwa kimakosa, muda huo haupo.

Niondoe hofu moja mapema. Mshipa uliozaliwa ukiwa tofauti hauleti saratani, na saratani haiuleti mshipa huo. Vimekutana tu ndani ya kifua kimoja. Ndiyo maana sipendi sana neno "kasoro", ambalo mara nyingi ndilo mgonjwa analoambiwa akishazinduka. Mtu anatoka kwenye dawa ya usingizi, ana mipira miwili ya kutolea hewa na majimaji ubavuni, halafu anaambiwa "tumekuta una kasoro ya kuzaliwa." Analala usiku huo akidhani moyo wake umeoza. Neno "utofauti" ni sahihi zaidi kwa wengi wao. Wachache ndio ambao utofauti huo unawatesa hata kabla ya kisu.

Ramani ya kawaida, kwa ufupi

Pafu la kulia lina vipande vikubwa vitatu, la kushoto lina viwili. Vipande hivyo huitwa lobu. Kila lobu imegawanyika tena ndani kwa ndani katika sehemu ndogo zinazoitwa segimenti, na kila segimenti ina mrija wake wa hewa na tawi lake la ateri.

Ateri ni mshipa unaotoka kwenye moyo, vena ni mshipa unaorudi kwenye moyo. Shuleni tulizoea kwamba ateri hubeba damu safi na vena damu chafu. Kwenye mapafu mambo yamegeuka: ateri ya mapafu inatoka upande wa kulia wa moyo ikiwa na damu nyeusi iliyochoka, inaipeleka ikachukue oksijeni, na vena za mapafu zinairudisha ikiwa nyekundu, tayari kusambazwa mwilini. Vena hizo kwa kawaida ni nne, mbili kila upande, na zote huingia kwenye chumba cha juu kushoto cha moyo, yaani atiria ya kushoto.

Kuna jambo moja la kushika hapa, maana mengine yote yanalitegemea. Ateri huandamana na mrija wa hewa kama mtoto na mama yake. Ukiuona mrija, ateri iko jirani. Vena haiko hivyo. Inapita mipakani, katikati ya segimenti na segimenti, ikiokota damu kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo vena haina mwongoza njia, na ndiyo inayoongoza kwa vioja.

Sababu yake iko tumboni mwa mama. Katika wiki ya nne ya mimba, mapafu ni kijitawi tu kilichochipuka kwenye mrija ambao baadaye utakuwa njia ya chakula. Wakati huo hayana mshipa wake wa kurudishia damu. Damu yake inatoka kupitia vijishipa vya jirani na kuingia kwenye vena za mwili. Kisha moyo unachomoza mshipa kutoka nyuma ya atiria ya kushoto, unakua kuelekea mapafu, unakutana na vile vijishipa, na njia mpya inafunguka. Njia za zamani, zikiwa hazina kazi tena, zinanywea na kufa. Mwisho moyo unaumeza ule mshipa wa pamoja kidogo kidogo mpaka matawi yake manne yanabaki yakifunguka kila moja kwa mlango wake.

Yote haya yanatokea ndani ya wiki chache, wakati kiinitete ni kidogo kuliko punje ya haragwe. Njia ya zamani isiponywea, mtu anazaliwa na vena ya pafu inayomwaga mahali pasipo pake. Moyo usipomeza vya kutosha, vena mbili zinabaki na mlango mmoja. Hapo tayari una aina mbili kubwa za utofauti tutakazoziona.

Kwa nini jambo hili limekuwa zito zaidi leo

Tarehe 5 Aprili 1933, mjini St. Louis, Marekani, daktari Evarts Graham alimfungua kifua mgonjwa aitwaye James Gilmore, naye mwenyewe daktari, mwenye saratani kwenye pafu la kushoto. Graham alikusudia kutoa kipande. Alipoona uvimbe umevuka mpaka, alilitoa pafu zima. Hakutenganisha mshipa mmoja mmoja: alilizungushia shina lote la pafu mpira, akalikaza, akalifunga kwa uzi, akakata. Gilmore aliishi miaka 30 zaidi. Graham, aliyekuwa mvutaji mkubwa wa sigara, alifariki mwaka 1957 kwa saratani hiyohiyo ya mapafu.

Fikiria kitendo kile cha kufunga shina zima. Kama vena za Gilmore zilikuwa na mlango mmoja badala ya miwili, ingebadilisha nini? Karibu hakuna. Kila kitu cha upande ule kilikuwa kinaondoka. Lakini miezi michache tu baadaye, Julai mwaka huohuo, William Rienhoff huko Baltimore alitoa pafu kwa kufunga kila mshipa peke yake, na njia hiyo ndiyo iliyokuja kutawala. Kisha ikaja desturi ya kutoa lobu moja na kuacha nyingine zikiendelea na kazi. Miaka ya 1990 ikaleta upasuaji wa kamera, wa matundu madogo ubavuni, ambapo daktari anatazama skrini na hawezi tena kuingiza mkono mzima na kupapasa. Mwaka 2022 utafiti mkubwa wa Japani, wenye wagonjwa 1,106 waliokuwa na uvimbe usiozidi sentimita 2, ulionyesha kwamba waliotolewa segimenti tu hawakuishi muda mfupi kuliko waliotolewa lobu nzima. Baada ya miaka 5 waliokuwa hai walikuwa asilimia 94.3 kwa segimenti na asilimia 91.1 kwa lobu.

Hizi zote ni habari njema kwa mgonjwa: kidonda kidogo, pafu kubwa linabaki. Ila zina gharama yake. Kadiri unavyoacha sehemu kubwa ya pafu, ndivyo unavyolazimika kujua kila mshipa unahudumia nini, kwa sababu unachokata kinaondoka na unachoacha lazima kiishi. Daktari wa 1933 aliweza kutumia ramani ya kitabu. Wa leo anahitaji ramani ya mtu huyu aliyelala mezani.

Mlango mmoja badala ya miwili

Nianze na utofauti ambao si nadra hata kidogo. Kwa takriban mtu mmoja katika kila kumi, vena ya juu na vena ya chini za pafu la kushoto huungana nje ya moyo, zikaingia kama shina moja. Mwenyewe haumdhuru kwa lolote.

Sasa mweke mtu huyo mezani kwa ajili ya kutolewa lobu ya chini kushoto. Daktari anaingia kwa kamera kutokea chini, analegeza utando unaolishikilia pafu, na mbele yake unatokea mshipa mnene wa rangi ya zambarau, unaopwita taratibu kwa mapigo ya moyo. Mahali ni palepale anapopaona kila wiki. Anapitisha taya za stepla, chombo kinachobana mshipa kwa safu za pini na kuukata katikati kwa tendo moja. Akibana karibu sana na moyo kwa mtu mwenye shina la pamoja, amekata vena zote mbili. Lobu ya chini ilikuwa inaondoka, sawa. Lobu ya juu, ambayo haina ugonjwa, sasa inaingiziwa damu na ateri bila kuwa na pa kuitolea. Inajaa, inakuwa nzito na nyeusi kama ini. Hapo pana njia mbili tu: kuishona vena irudi kwenye moyo, kazi ngumu inayohitaji mikono iliyozoea, au kulitoa pafu lote la kushoto kwa mgonjwa ambaye labda mapafu yake hayawezi kuvumilia.

Kinga yake ni rahisi kutamka, na ndiyo niliyoiweka kwenye kichwa cha makala haya. Kabla hujakata vena hii, hakikisha umeiona ile nyingine kwa macho yako, ikiingia moyoni kwa njia yake. Inachukua dakika chache. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya desturi zenye thamani kubwa katika upasuaji wote wa kifua.

Vena inayorudi upande usio wake

Utofauti wa pili ni adimu zaidi lakini una hila zaidi. Vena moja au mbili za mapafu, badala ya kuingia upande wa kushoto wa moyo, zinamwaga kwenye vena za mwili au upande wa kulia wa moyo. Jacob Winslow, mtaalamu wa anatomia aliyefanya kazi Paris, aliueleza tangu mwaka 1739. Katika uchunguzi wa maiti hupatikana kwa watu 4 hadi 7 katika kila elfu. Kwenye picha za CT, zinazoonyesha kifua kwa vipande vipande, za watu wazima huonekana kwa uchache zaidi, na nina hakika sehemu ya uchache huo ni kwamba macho yanaupita.

Sura yake moja ina jina ambalo Mswahili ataliona mara moja. Vena ya pafu la kulia inashuka kuelekea vena kuu ya chini, ile inayorudisha moyoni damu ya sehemu ya chini ya mwili, ikipinda pembeni mwa moyo, na kwenye eksirei kivuli chake kinaonekana kama upanga uliopinda. Madaktari wakauita ugonjwa wa upanga wa Kituruki. Sisi upanga huo tunauita kitara.

Nini kinatokea mwilini? Damu iliyokwisha kupata oksijeni inarudishwa tena mapafuni bila kufika ubongoni wala miguuni. Inazunguka bure. Upande wa kulia wa moyo unafanya kazi ya ziada, lakini kama ni vena ya lobu moja tu, kazi hiyo ni ndogo na mtu anaishi nayo vizuri.

Tufanye hesabu, nikiirahisisha. Tuseme mwili unahitaji lita 5 za damu kwa dakika, na vena ya lobu ya juu kushoto, inayobeba sehemu moja ya tano ya damu ya mapafu, inarudi upande wa kulia. Ili lita 5 zifike upande wa kushoto wa moyo, mapafu lazima yapitishe lita 6 na robo. Moyo unalimudu hilo. Sasa mgonjwa huyu ana saratani kwenye pafu la kulia na pafu hilo linatolewa lote. Damu yote inapita pafu la kushoto. Lobu yake ya juu, ile yenye vena iliyopotea njia, sasa inapokea karibu nusu ya damu yote. Nusu inarudi bure. Ili mwili upate lita zake 5, pafu moja lililobaki lazima lipitishe lita 10. Mishipa ya pafu hilo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Presha ndani yake inapanda, upande wa kulia wa moyo unavimba na kuchoka, na mgonjwa ambaye operesheni yake ilionekana kwenda vizuri anaanza kuzidiwa akiwa chumba cha uangalizi. Daktari wa zamu anatafuta damu iliyoganda mapafuni, anatafuta maambukizi, anatafuta mshtuko wa moyo. Sababu halisi iko kwenye picha ya CT iliyopigwa mwezi uliopita.

Ndiyo maana swali la kwanza, vena hiyo ikigunduliwa, ni iko wapi ukilinganisha na saratani. Kama ipo kwenye lobu ileile inayotolewa, mgonjwa ana bahati: inaondoka na lobu, na mzunguko wa bure unakoma. Kama ipo kwenye lobu nyingine au pafu la upande wa pili, lazima mtu akae chini apige hesabu. Kipimo kinachotumika ni uwiano wa damu inayopita mapafuni na ile inayokwenda mwilini. Ukifikia moja na nusu kwa moja, wengi huona ni wakati wa kurekebisha, na kinachohesabika hapa ni uwiano utakaokuwepo baada ya pafu kutolewa. Vena inaweza kukatwa kutoka ilipo na kushonwa kwenye atiria ya kushoto, kabla ya kutoa saratani au katika operesheni hiyohiyo. Ni kazi inayowezekana kabisa, mradi imepangwa. Kuipanga saa nane mchana kifua kikiwa wazi, bila daktari wa moyo karibu, ni jambo jingine.

Wanaosubiri nyuma ya pazia

Wapo wengine, na baadhi yao nitawapita haraka.

Kwa watu kadhaa katika kila mia, tawi la vena ya lobu ya juu kulia halipiti mbele kama kawaida. Linazunguka nyuma ya mrija wa hewa, karibu kabisa na njia panda ya bomba kubwa. Pale ndipo daktari anapochokonoa tezi za limfu ili kujua kama saratani imesambaa. Anatafuta tezi, hatafuti mshipa, na anayeukwangua bila kujua anashtukia dimbwi la damu limefunika kioo cha kamera.

Ateri nazo zina mambo yake. Lobu ya juu kushoto inaweza kupokea matawi matatu kwa huyu, matano kwa yule, na wapo wenye saba. Presha ya ateri ya mapafu ni ndogo, takriban 25 kwa 10 ukilinganisha na 120 kwa 80 ya mkononi, na hilo humfanya mtu adhani haina hatari. Ukuta wake lakini ni mwembamba, na damu yote ya mwili inapita humo. Ikichanika karibu na shina, hakuna mshipa unaotisha kama huo.

Kisha kuna kipande cha pafu kilichojitenga, ambacho mwaka 1946 daktari D. M. Pryce alikieleza kwa kina. Kipande hicho hakilishwi na ateri ya mapafu. Kinalishwa na mshipa unaotoka moja kwa moja kwenye aota, yaani ateri kuu ya mwili, mara nyingine ukipanda kutoka chini ya kiwambo cha tumbo, ukipita ndani ya ule utando wa chini ya pafu ambao kwa kawaida hauna mshipa wowote wa maana na hukatwa bila wasiwasi. Ukikatwa ukiwa na mshipa wa aota ndani, ncha yake inaweza kujivuta ikazama chini ya kiwambo, ikamwaga damu huko isikoonekana. Kipande hicho chenyewe kwenye picha huweza kufanana na uvimbe.

Ninaouogopa kuliko wote ni huu. Upande wa kulia wa kifua kuna vena iitwayo azigosi, jina la Kigiriki lenye maana ya "isiyo na jozi". Kwa kawaida ni mshipa wa pembeni, unakusanya damu ya ukuta wa kifua, na madaktari huikata wakati mwingine ili wafikie tezi za limfu vizuri. Mgonjwa haumii chochote. Lakini kwa watu wachache, chini ya mmoja katika mia, vena kuu ya chini imekatika njiani kabla ya kufika moyoni, na damu karibu yote ya miguu, figo na nyonga inapanda kupitia hiyo azigosi. Ukiifunga, umefunga njia ya nusu ya mwili. Mwaka 1951 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya mgonjwa aliyefariki baada ya kufungwa kwa namna hiyo. Wangeonywa na nini wakati ule? CT ilikuwa bado haijavumbuliwa.

Lobu ya azigosi, ile inayoonekana kwenye eksirei kama mstari mwembamba uliopinda juu ya pafu la kulia, ni kitu kingine kabisa na ni cha amani. Inasumbua kidogo tu wakati wa kufungua njia.

Jinsi jicho linavyofunzwa kuona

Keti pembeni ya daktari wa radiolojia anapofungua CT ya kifua kwenye kompyuta. Anazungusha gurudumu la mausi, na kifua kinapita mbele yako kwa vipande kama mkate uliokatwa, kutoka shingoni hadi kwenye ini. Kidole kinakwenda kasi. Kinasimama kwenye uvimbe: anaupima. Kinasimama kwenye tezi: anazipima. Kinapita kwenye ini na figo kutafuta kama saratani imefika. Hayo ndiyo aliyoulizwa kwenye fomu, na hayo ndiyo anayoyajibu. Vena imepita mbele ya macho yake mara tatu, na hakuna aliyeiuliza.

Kumbe ishara zake ni wazi. Chukua upande wa kushoto. Baadhi ya watu, 3 hadi 5 katika kila elfu, wana vena kava ya juu, yaani vena kuu inayorudisha damu ya kichwa na mikono, ya ziada upande wa kushoto, iliyobaki tangu utotoni tumboni. Wengine wana ile vena ya pafu iliyopotea, inayopanda wima pembeni mwa tao la aota. Ukitazama juu ya tao, zote mbili zinaonekana kama doa jeupe la duara mahali palepale, na ni rahisi kuzichanganya. Shuka sasa hadi kwenye mrija mkubwa wa hewa wa kushoto, utazame mbele yake. Kwa kawaida pana mshipa mmoja, ambao ni vena ya juu ya pafu. Mwenye vena kava ya ziada atakuwa na miwili. Mwenye vena iliyopotea hatakuwa nao pale, kwa sababu vena hiyo haikushuka kwenda moyoni, imepanda juu. Mbili, moja, au hakuna. Mwanafunzi anaweza kufundishwa hilo kwa dakika tano na asilisahau.

Ile azigosi ya hatari nayo hujitangaza: nyuma ya moyo, jirani na aota, linaonekana duara la pili karibu sawa na aota kwa ukubwa, na ndani ya ini mahali pa vena kuu pana upungufu.

Lakini ili uone unahitaji picha inayoonekana. Vipande vya milimita 5 vinatosha kumpata uvimbe, havitoshi kufuata mshipa. Vinatakiwa vya milimita 1 hivi, tena CT yenye dawa, ile inayodungwa mkononi na kumfanya mgonjwa ahisi joto likimpanda kifuani. Vipande hivyo kompyuta inaweza kuviunganisha na kujenga sanamu ya mishipa inayogeuzwa pande zote, ateri kwa rangi moja na vena kwa nyingine. Hospitali nyingi duniani zinazofanya upasuaji wa segimenti hazianzi bila hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo dogo linaloniuma, na linarekebishika. Mgonjwa anapigwa CT mji mmoja, anafanyiwa upasuaji mji mwingine. Anasafiri na bahasha kubwa yenye filamu mbili tatu, kila moja ikiwa na picha ishirini ndogo zilizochaguliwa na mtu kwa ajili ya kuonyesha uvimbe. Bingwa wa upasuaji anaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Vena iliyopotea haimo humo, kwa sababu aliyechagua picha hakuiona au hakuiona ina maana. Kipimo kizima, vipande mia kadhaa, kimebaki kwenye kompyuta ya kule alikotoka. Kwa hiyo ukipigwa CT ya kifua, wewe au mzee wako, omba CD yenye picha zote, siyo filamu peke yake. Ikisomwa vibaya mara ya kwanza, inaweza kusomwa vizuri mara ya pili.

Tena kwetu kuna kifua kikuu. Wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu wamewahi kuugua TB, au wametibiwa TB kwa miezi kwa kudhaniwa ndiyo. TB inaacha makovu. Pafu linanatana na ukuta wa kifua, tezi zinakuwa ngumu kama mawe na kung'ang'ania mishipa, na daktari anapoteza zile nafasi laini ambazo kwa kawaida humwezesha kutenganisha hiki na kile. Kwenye kifua cha namna hiyo huwezi kutegemea kwamba utauona mshipa wa ajabu ukifika. Inabidi uwe unaujua kabla hujaingia.

Maswali ya kuuliza, na karatasi ya kuondoka nayo

Mgonjwa hana haja ya kujifunza majina yote haya. Anaweza kuuliza kwa heshima kabisa: "Daktari, CT yangu ilikuwa na dawa? Mishipa yangu imekaa kawaida?" Swali la pili hilo humfanya mtu afungue picha tena, na mara nyingi kufungua tena ndiko kunakohitajika. Kama kuna shaka, eko ya moyo, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, itaonyesha kama upande wa kulia umetanuka.

Na kama jambo limegunduliwa mezani, kifua kikiwa wazi, ujue kwamba daktari aliyesimamisha kazi, akaita mwenzake, akabana mshipa kwa muda na kutazama presha inavyokwenda kabla ya kukata, hajashindwa. Amefanya kazi yake. Hata akiamua kuacha upasuaji wa kamera na kufungua kifua kwa mkato mrefu, kovu hilo ni la usalama.

Baada ya hapo kuna deni moja ambalo mara nyingi halilipwi: kumwandikia mgonjwa. Mwenye vena kava ya ziada upande wa kushoto anaweza kuhitaji betri ya moyo miaka kumi baadaye, au mrija wa shingoni akiwa mahututi, na atakayeuweka atashangaa waya wake ukienda kusikotarajiwa. Sentensi moja inatosha kwenye karatasi ya kuruhusiwa: "Mgonjwa ana vena kava ya juu upande wa kushoto, iliyoonekana wakati wa upasuaji wa pafu, iangaliwe kabla ya kuweka mrija shingoni au betri ya moyo." Kama haipo, rudi uiombe. Ikishaandikwa, ipige picha kwa simu na umtumie binti yako, maana siku itakapohitajika huenda wewe huwezi kuzungumza.